Radi ya Gharibu

Mwaka tisini na tisa Kasulu ilikuwa na wapiga picha wengi na flashi chache, na katika hizo chache moja tu ndiyo iliyopewa jina. Waliiita Radi. Ilikuwa mali ya Gharibu, mtu wa Ujiji mwenye studio karibu na soko, aliyeinunua kwa padri mmoja mzungu wakati anafunga virago kurudi kwao. Lidude la chuma, zito kama pasi ya mkaa, na kioo chake kipana ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Ikipigwa ukumbini bibi harusi anafumba macho, watoto wanapiga yowe, na wazee waliokuwa wanasinzia wanaangalia juu kuona kama mabati yametoboka. Studio zote ziliiazima. Harusi ambayo Radi haikufika, mji mzima ulisema imefungwa kimyakimya.

Na msidhani watu wale walikuwa na shida ya kuchagua flashi. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua: unaichomeka juu ya kamera, unaona kama inaingia, unaipiga ukutani, unaona kama ina nguvu. Imeingia, ina nguvu, haya twende. Kamera zao zilikuwa za chuma, za mikanda, na hakuna hata moja iliyowahi kulalamika. Stanislaus alifundishwa kazi hivyo, akaifanya hivyo miaka yote, na mtu ambaye angemwambia kuna namna nyingine angechekwa mpaka aone haya.

Huyu Stanislaus alikuwa Mrundi wa kuja zamani. Aliingia Kasulu mwaka sabini na mbili akiwa mtoto, ameshika upindo wa kitenge cha mama yake, na sasa alikuwa na uraia, mke, shamba la maharage, na studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mdomo alikuwa nao, na kujisikia kidogo alikuwa nako pia. Basi shirika moja la kuwaunganisha watoto na wazazi waliopotezana lilipotafuta mpiga picha anayejua Kirundi, halikuhangaika sana. Likamwajiri, likampa kamera ambayo Kasulu nzima ilikuwa haijaiona: kamera isiyotia mkanda. Unapiga, unaiunganisha na kompyuta ofisini Kibondo, na kabla chai haijapoa picha imeshatoka kwenye karatasi.

Mkewe Immakulata alimwona anaitundika kamera yake ya zamani kwenye msumari wa studio.

"Hiyo nayo imekukosea nini, Baba Rosa?"

"Haijanikosea. Imezeeka tu."

"Na wewe je, hujazeeka?"

Alicheka, akaondoka bila kuichukua.

Sasa, huko Nduta, kambi ya upande wa Kibondo, kulikuwa na mtoto wa kike anayeitwa Gentille, wa kama miaka mitano. Mwaka uliotangulia watu walipokuwa wanakimbia risasi za Burundi kuvuka mpaka, alipotezana na baba yake porini, akaokotwa na kikongwe mmoja, bibi Ntirampeba, ambaye alimfunga mgongoni akafika naye Nduta. Ukimuuliza mtoto baba yake anaitwa nani, anajibu "Data". Kwa Kirundi ndivyo kila mtoto anavyomwita baba yake, kwa hiyo jibu hilo halikumfikisha mtu popote. Na huku Mtabila, kambi ya upande wa Kasulu, kulikuwa na mwanamume anayeitwa Nduwayezu, mkewe amefia njiani, amekuja peke yake bila ndugu wala jirani, anaulizia kila gari linaloingia habari za binti yake Gentille. Akina Gentille walikuwa wengi. Shirika lilikuwa na sheria moja ngumu: mtoto hahamishwi kambi mpaka mzazi amtambue kwenye picha kwa macho yake mwenyewe, bila kusaidiwa. Walishawahi kumkabidhi mtoto kwa mtu asiye wake, na yaliyompata mtoto yule hakuna aliyependa kuyasimulia.

Kitu kimoja kilikuwa kinaharakisha mambo. Nduwayezu alikuwa anakufa. Kifua kilikuwa kimemla mpaka amebaki mifupa na macho, na daktari wa zahanati ya kambi hakuficha. Akimtambua mtoto, gari litamleta, wataonana. Asipomtambua, mtoto atabaki wa kuokotwa, hana kwao, na baba atakwenda zake hajui kama mwanawe alifika upande huu au aliliwa na pori.

Picha ya kwanza Stanislaus aliipiga vizuri kadiri alivyoweza. Lakini Nduta surua ilikuwa imeingia, na Gentille alikuwa nayo. Watu wa kule, mtoto akiwa na surua hatolewi nje. Anafungiwa ndani, mlango unazibwa kwa blanketi, upepo usimpige na mwanga usimchome macho, mpaka vipele vikauke. Bibi Ntirampeba alikuwa ameziba hata tundu la panya. Ndani ya nyumba ile ya miti na turubai, kamera mpya ilipomulika kwa ile taa yake ndogo ya kuzaliwa nayo, ni kama mtu amewasha kiberiti akazima. Ofisini walijaribu kuing'arisha picha kwenye kompyuta, uso ukageuka rangi ya majivu. Wakaichapa hivyo hivyo.

Stanislaus na Dorcas ndio walioipeleka Mtabila. Dorcas alikuwa binti wa kijiji cha Murungu, Muha mwenyewe, ndiye msimamizi wa kazi ya watoto pale Kibondo. Mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Alimkalisha Nduwayezu kitandani, akamwegemeza mto mgongoni, akampa picha.

Nduwayezu aliishika muda mrefu. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaigeuzia dirishani.

"Naona macho," alisema. "Naona na meno kidogo. Uso siuoni."

"Tazama taratibu, kaka," Dorcas akamwambia.

"Nimetazama, dada yangu. Nikisema ndiye, na moyo unataka sana niseme ndiye, halafu kumbe ni wa mwingine? Baba yake akija atamkuta wapi?" Akamrudishia picha, na machozi yakamtoka bila aibu. "Nileteeni uso. Nikiuona uso hata nusu, nitasema."

Stanislaus alisimama pale ameshika kofia yake. Wanaume wangapi wangesema ndiye, wakamaliza? Alimheshimu mtu yule mpaka akaona uchungu, na hapo hapo akaona aibu ya kikazi, aibu ya fundi aliyepeleka picha ya giza kwa mtu ambaye hana muda wa kusubiri.

Garini Dorcas alifungua kitabu kidogo kilichokuja na kamera.

"Inasemekana inaweza kuongezewa flashi kubwa juu yake," alisema. "Ila kitabu kinasema tutumie flashi yake yenyewe, tusichomeke nyingine yoyote. Niliwauliza wenzetu wa ofisi ya Nairobi kwenye redio. Ikiagizwa, ni wiki na wiki."

"Kaburi halisubiri wiki, dada Dorcas."

"Najua. Ndiyo nakuuliza wewe fundi."

Stanislaus akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua mambo ya biashara. "Hao waliokiandika kitabu wanataka tununue kwao, basi. Hata cherehani ukinunua, kitabu kinakwambia utumie mafuta yao. Umewahi kuona fundi nguo anayetumia? Flashi ni flashi. Nishushe sokoni."

Dorcas alimtazama, akatazama kitabu. Kisha akakifunga, akamshusha sokoni.

Gharibu alikuwa amekaa mlangoni anakunywa kahawa. Alipoelezwa, aliingia ndani akatoka na vitu viwili, akaviweka mezani. Kimoja Radi. Kingine kiflashi kidogo cha plastiki, chepesi kama kopo tupu, kilichokuja mwaka ule ule na kamera ya mwanawe aliyeko Mwanza.

"Hiki ni cha kisasa," Gharibu alisema. "Na kamera yako ya kisasa. Pengine ndio wanaosikilizana."

"Kimulimuli hiki?"

"Kinamulika, Stani. Si sana, lakini uso utauona."

"Gharibu bwana, wewe hujaiona nyumba ile. Ni kaburi. Bibi ameziba mpaka pumzi. Mimi nataka mwanga wa kumtoa mtoto gizani kama mchana, baba yake asikisie, aone." Akaichukua Radi, akaipima mkononi, akaridhika na uzito wake. Akatafuta kamera ya mkanda iliyokuwa pale juu ya kabati, akaichomeka, akapiga ukutani. Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa akaruka, akatukana.

"Umeona?" Stanislaus akasema.

"Nimeona," Gharibu akajibu, akakirudisha kile kidogo ndani.

Kesho yake walikuwa Nduta. Njiani mvua ilikuwa imenyesha na gari lilichelewa, kwa hiyo hapakuwa na kukaa ofisini kujaribu hiki na kile. Walipitia tu Kibondo, Stanislaus akaichukua kamera kabatini, akachomeka Radi juu yake. Iliingia kama imetengenezewa. Hakuipiga, kwa sababu Radi ilikuwa inakunywa betri kama mlevi, na betri kubwa zile Kibondo hazikuwepo madukani.

Bibi Ntirampeba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bwakeye, mama," Stanislaus alimsalimu.

"Bwakeye. Umerudi tena? Mtoto macho yamemvimba. Ile taa yako ya juzi amelia nayo usiku mzima."

"Leo ni mara moja tu, mama. Baba yake yuko hoi, anataka kumwona."

Kikongwe alimwangalia Dorcas, akaona uso wake, akalegea. "Mara moja. Ukipiga ya pili nakutoa kwa fimbo. Nimemzaa mimi huyu, hata kama sikumzaa."

Wakainama wakaingia. Hewa ilikuwa nzito, moshi na majani ya dawa. Gentille alikuwa amejikunja kwenye mkeka, blanketi mpaka kidevuni. Stanislaus alipiga goti, akamsemesha kwa Kirundi, akamwambia aangalie hapa kidogo tu, halafu atalala. Mtoto akainua uso. Mpiga picha akasikia Radi inaimba ile sauti yake nyembamba ya kujaa umeme, akaona taa nyekundu imewaka, akashusha pumzi, akabonyeza.

Nyumba nzima ikawa nyeupe. Mtoto akapiga kelele, akajifunika macho kwa mikono miwili. Na ndani ya kamera kikasikika kitu kidogo, tk, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti.

Kidirisha cha nyuma, kile kinachoonyesha picha, kilikuwa cheusi. Stanislaus akabonyeza. Hakuna. Akazima, akawasha. Hakuna. Akatoa betri, akazipangusa kwenye shati, akazirudisha. Hakuna. Harufu nyembamba ya kuungua ikampanda puani.

"Vipi?" Dorcas akauliza kutoka nyuma.

Alikuwa bado anaigeuzageuza kamera.

"Baba Rosa. Vipi?"

"Imekufa," alisema.

"Nini imekufa?"

"Kamera."

Gentille alikuwa bado analia. Bibi Ntirampeba alimkumbatia, akawatazama wale wageni wawili kwa jicho ambalo Stanislaus aliliona hata gizani. "Tokeni," alisema. "Tokeni mniachie mwanangu."

Ofisini Kibondo Dorcas aliita Nairobi kwenye redio, na sauti ya mtu wa kule ikaeleza bila hata kuulizwa mara mbili. Flashi za zamani zinarudisha umeme mkubwa kwenye kamera. Zile kamera za chuma haziujali, lakini hizi mpya ndani ni kama kompyuta; unaziunguza. Flashi ndogo za siku hizi hazina shida hiyo. Kamera haitengenezeki. Nyingine itatoka Ulaya, ikipatikana. Mambo ndiyo hayo, kwisha.

Flashi ndogo za siku hizi. Stanislaus alilisikia neno lile akakiona kile kiplastiki mezani kwa Gharibu, na akatamani ardhi impasukie. Alikishika kwa mkono wake huu, akakicheka.

"Dada Dorcas, nifukuzeni tu."

"Nikikufukuza, picha inapatikana?" Dorcas hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Kitabu kilikuwa mkononi mwangu. Nilikisoma, nikafumba macho nikakusikiliza wewe kwa sababu ulisema kwa uhakika. Sasa niambie tunafanyaje."

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipomjia, jepesi kabisa, jambo ambalo mtoto yeyote wa studio angelisema siku ya kwanza. Kamera yake ya zamani. Mkanda wa nyeusi na nyeupe. Angepiga hapa, akausafisha kwake Kasulu, na Mtabila iko pua na mdomo na Kasulu. Kazi ile ilikuwa ya siku mbili tangu mwanzo, na kamera ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Haikumjia kwa sababu hakutaka imjie. Alikuwa amependa kuonekana na kamera isiyotia mkanda. Aliyasema hayo yote kwa Dorcas palepale, maana hakuwa na la kuficha tena.

"Basi kaichukue," Dorcas akasema.

Walitafuta kwanza kwa mpiga picha wa pale Kibondo mjini, lakini alikuwa amekwenda na kamera yake harusini Kasanda, na barabara ya huko ilikuwa imekatika. Gari la shirika lilikuwa limepelekwa mpakani kubeba wagonjwa. Stanislaus akapanda lori la unga. Masika yale Mungu alikuwa amefungua kila kitu. Kabla ya mto Malagarasi lori likazama mpaka ekseli, na abiria wakashuka kusukuma, wakasukuma, wakalala juu ya magunia, wakasukuma tena. Stanislaus alisukuma kuliko wote. Wenzake walimtania kwamba huyu bila shaka amemwacha bibi harusi kanisani, naye akashindwa hata kutabasamu.

Immakulata alimwona anaingia na matope mpaka kwenye nyusi. Akatazama uso wake, akaitoa kamera kwenye msumari, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga. Alimtilia chai. Stanislaus aliinywa kwa kusimama, akaweka mkanda, akaitia na Radi kwenye mkoba kwa kuogopa lile giza, akatoka kutafuta gari la kurudi.

Kurudi nako kulikuwa vile vile. Alipofika Nduta alikuta blanketi limeondolewa mlangoni. Surua ilikuwa imekauka. Gentille alikuwa nje, amekaa juani kwenye kigogo, ngozi ya uso inabambuka kidogo, anamenya kiazi. Alipomwona mtu yule wa taa alikimbilia nyuma ya bibi yake.

"Leo hakuna taa, mwanangu," Stanislaus alimwambia. "Jua linatosha."

Bibi Ntirampeba alimsukuma mtoto mbele taratibu. Jua la asubuhi lilikuwa limempiga ubavuni, na uso wote ulikuwa wazi: kipaji cha uso kipana, macho yaliyokaa mbalimbali, mdomo uliobinuliwa kwa hasira. Stanislaus alipiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwa mara ya kwanza tangu Radi ipige aliona kuna tumaini. Alimshukuru kikongwe mpaka kikongwe akachoka kushukuriwa.

Bahati ile, gari la shirika lilikuwa limerudi, na Dorcas mwenyewe alimpeleka. Kasulu walifika jua linaelekea kichwani. Immakulata aliwafukuza wateja, Stanislaus akaingia chumba cha giza, akausafisha mkanda, akachapa picha moja. Uso wa Gentille ukapanda taratibu ndani ya maji ya dawa, kwanza nyusi, kisha macho, kisha ule mdomo wa hasira. Hakungoja ikauke. Aliishika kwa ncha za vidole, inachuruzika, akakimbia nayo garini.

Zahanati ya Mtabila, mlangoni, wanawake wawili wa pale kambini walikuwa wamekaa chini wamefunga vitambaa kichwani. Walipoona gari la shirika wakainuka. Dorcas aliuliza kwa macho, nao wakamjibu kwa kuinamisha vichwa.

Nduwayezu alikuwa amekata roho asubuhi ile. Walikuwa wamemwosha, wamemvisha shati safi, wamemfunika shuka mpaka kifuani, wanangoja jeneza. Muuguzi alisema usiku aliuliza tena kama gari la Kibondo limekuja. Wakamwambia barabara ni mbaya. Akasema atangoja.

Stanislaus alisimama karibu na kitanda na ile picha mbichi mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo hakulipanga: akaishusha, akaiweka karibu na uso wa marehemu. Kipaji kile kile. Macho, ingawa yamefumbwa, yamekaa mbalimbali vile vile. Mdomo ule ule.

"Dada Dorcas. Njoo uone."

Dorcas alikuja, akaona.

"Ndiye," Stanislaus akasema. "Haki ya Mungu ndiye. Hata kipofu ataona."

"Mimi na wewe tumeona. Mimi na wewe si wazazi, Baba Rosa. Leo tukisema wamefanana, kesho mwingine atasema wamefanana, tutarudi kule kule. Na hata wakikubali, nitamleta mtoto kwa nani? Hapa hana mtu." Alijipangusa macho kwa kiganja, haraka, kama anayefukuza nzi. "Tumechelewa. Basi."

Tumechelewa, alisema, lakini Stanislaus alijua nani amechelewesha. Kingekuwa kile kiflashi cha plastiki, mtu huyu angemwona mwanawe akiwa hai. Ingekuwa ile kamera ya msumarini tangu siku ya kwanza, wangekuwa wameshikana mikono. Alilia pale pale mbele ya watu, mwanamume mzima, na hakuna aliyemkataza.

Alipotulia, aliwaomba wale wanawake ruhusa. Watu wa huku picha ya marehemu si jambo geni. Walikubali, mmoja akamnyoosha kola. Wodi ilikuwa na giza, madirisha yote yamezibwa kwa turubai kwa ajili ya mvua. Stanislaus akachomeka Radi juu ya kamera yake ya chuma. Iliimba, ikajaa, akapiga. Ilifanya kazi bila kosa. Ukuta ukawaka, shuka likawaka, na uso wa Nduwayezu ukatoka gizani kama mchana.

Walimzika jioni ile.

Picha ile Stanislaus aliichapa kwa karatasi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na Dorcas aliporudi Kibondo akaomba kwenda naye. Dorcas alimwambia si lazima. Akasema kwake ni lazima. Alitaka mtoto awe na uso wa baba yake, hata akikua asiukumbuke, awe nao. Njia nzima alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia, maana bibi Ntirampeba, aliyekwisha kupelekewa habari ya msiba na watu wa ofisi, alikuwa ameomba kwamba atakayeleta picha ndiye amwambie mtoto. Alipanga hivi, akapangua, akapanga vile.

Gentille alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachambua maharage na bibi yake. Safari hii hakukimbia. Stanislaus alikaa chini kwenye udongo ili wawe sawa kwa sawa, akakohoa, akatoa picha ndani ya bahasha, akampa.

Mtoto aliishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemwambia ni nani.

"Data," alisema mara moja. Akaitazama tena, akatabasamu. "Data arasinziriye." Baba amelala.

Bibi Ntirampeba alijiziba mdomo. Dorcas akageuka akaangalia upande wa barabara. Stanislaus alifungua kinywa kuyasema yale aliyoyapanga, lakini Gentille alikuwa ameshaacha kutabasamu. Alikuwa anautazama ule ukuta mweupe wa nyuma ya baba yake, na shuka lile linalong'aa, na mwanga ule ulivyompiga usoni. Akamwinulia macho mpiga picha, amekunja uso.

"Ni wewe umemmulika?" aliuliza, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kumsumbua aliyelala.

"Ni mimi."

"Usimmulike tena. Inauma macho." Akailaza picha kifudifudi mapajani, akaifunika kwa pindo la gauni lake. "Muache alale. Akiamka atakuja kunichukua."

Stanislaus, mtu wa maneno, aliikunja ile bahasha tupu, akaitia mfukoni.

"Ego," akajibu. Ndiyo. Na mpaka wanaondoka pale, neno jingine hakuwa amelipata.